Vitambaa Kwenye Shingo za Chupa

Harufu ya limau isiyotoka kwenye limau ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Nikikutana nayo leo kwenye korido ya ofisi iliyotoka kupigwa deki, nafika Kiwalani kabla sijamaliza kuvuta pumzi, kwenye ua wetu wa mabati ambako mama alitengenezea sabuni ya maji. Kulikuwa na pipa la bluu lililokatwa kichwa, na mwiko mrefu ambao baba, mchongaji wa vinyago, aliuchonga kwa siku moja kisha akajisifu nao mwaka mzima, na wanawake wa kikundi cha mama wakipokezana kukoroga. Ndege zilipita juu yetu zikienda kutua, chini kiasi cha kumkata mtu maneno katikati. Tulizoea. Mwenye neno lake alilishika mdomoni mpaka ndege ipite, mwiko ukiendelea kuzunguka, kisha akaendelea palepale alipoachia. Na chini ya ile limau ilikuwako harufu nyingine, kali, ya kupanda puani na kushika koo, ambayo wageni waliikimbia na sisi wenyeji tulikuwa hatuisikii tena. Ni hiyo ya pili ninayotaka kuisimulia, kwa sababu mwaka niliokuwa kidato cha nne niliipa jina jipya, na jina hilo nusura limpofushe mtu.

Mama alijifunza kazi hiyo kwa siku mbili tu, kwenye semina ya wajasiriamali, na katika ukumbi mzima yeye peke yake hakuandika kitu. Wenzake walijaza madaftari, yeye aliangalia. Tulipomtania nyumbani alijibu kwamba daftari linaweza kuloa. Na kweli, miezi michache baadaye wenye madaftari walikuwa wakija kumwuliza yeye. Kwanza salfoniki, alikuwa akiwaambia, ule uji wa kahawia unaounguza. Kisha slesi, inayoteleza kama bamia. Kisha magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji tangu jana yake. Chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito, gliserini ya kuonea huruma mikono, fomalini ya kuizuia isioze, na mwisho rangi na manukato. Koroga kuelekea upande mmoja tu. Ukirudisha mwiko nyuma, sabuni itakununia. Sijui hadi leo kama hilo la mwisho lina ukweli wowote, lakini mpaka sasa hata chai siwezi kuikoroga nikarudi nyuma.

Madumu ya dukani hakuyaweka karibu na pipa. Alichota kidogo, akachanganya na maji kwa vipimo vyake, akatia kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, zote za umbo moja, zote zikiwa na kitu kisicho na rangi ndani yake. Alizitofautisha kwa vitambaa alivyozifunga shingoni. Chupa yenye kitambaa cha kijani ilikuwa ya gliserini, ambayo yeye aliiita ya kupaka. Yenye kitambaa cheusi ilikuwa ya fomalini, na hiyo aliiita ya kukaba. Dumu la salfoniki lilifungwa kitambaa chekundu, nalo liliitwa la kuunguza. Hata watoto wadogo wa majirani walijua kwamba chupa iliyovaa si ya kunywa. Vitambaa vyenyewe vilitoka kwa Bi Somoe, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, rafiki wa mama tangu wote wawili walipokuja kutoka Newala wakiwa maharusi. Yeye alishona sare za shule kwenye kibaraza chake, na mabaki ya sare hizo ndiyo yaliyovisha chupa zetu.

Kulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Jumamosi, sabuni ikishakubali na kuachwa itulie, wanawake walikinga viganja, na mama akawamiminia kila mmoja matone ya ile chupa ya kijani. Walijipaka mikono, visigino, viwiko, wakicheka, wakiulizana nani sasa atasema wametoka kwenye kazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila kupakwa. Mama aliliona hilo kama haki ya kazi, sawa na kunywa maji. Bi Somoe yeye alianza na uso. Mikono yangu inaonwa na kitambaa tu, alikuwa akisema, uso unaonwa na mume.

Mimi jina langu la cheti ni Sharifa, lakini shuleni nilikuwa naitwa Povu. Kidato cha kwanza msichana mmoja alinikuta nimebeba madumu mawili ya sabuni kuwapelekea walimu walioagiza, akasema povu hilo linakuja, na basi, likaja na likakaa. Likanifuata mpaka mtaani. Bi Somoe alilisikia kwa watoto, akalipenda, akalitumia kwa mapenzi yake yote, na mimi nikawa namwitikia huku nimeuma meno. Liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anatamani asiwe na wazazi, wala mtaa, wala harufu.

Ndipo akaja Madam Shirima, mwalimu wetu wa kemia, mwanamke mwembamba kutoka Moshi aliyeandika ubaoni kwa nguvu mpaka chaki ikalia. Alituambia kwamba vitu vya ukoo wa kaboni vina majina ya aina mbili. Yako majina ya kawaida, yaliyotolewa na watu wa zamani kwa kufuata mahali kitu kilipopatikana au kinavyofanya. Na yako majina ya mfumo, ambayo hayampendelei mtu. Unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote, unahesabu kaboni zake: moja metha, mbili etha, tatu propa, nne buta. Unaanza kuhesabu kwa upande ulio karibu na kitu muhimu, unataja kila tawi liko namba ngapi, unamalizia na mwisho wa jina unaoonyesha ni ukoo gani. Asidi moja ya kuwasha, alisema, ilipewa jina la mdudu chungu, kwa kuwa wataalamu wa kale waliipata kwa kuwachemsha chungu, na darasa zima likacheka. Kwa mfumo, hiyohiyo ni asidi methanoiki, kaboni moja, na chungu wakapumzike. Siki ya kwenye kachumbari ni asidi ethanoiki. Ukipewa jina la mfumo, hata kama kitu hicho hujawahi kukiona, unaweza kukichora.

Wenzangu walilalamika kwamba majina ni marefu. Mimi nilihisi kana kwamba kuna mtu hatimaye amenitetea. Hapa palikuwa na jina ambalo haliulizi mama yako anauza nini. Kwetu Kiwalani wakati ule mgeni alielekezwa hivi: pita mashine ya kusaga, ukiona mfereji shuka nao, ulizia kwa Mama Sabuni. Nyumba haikuwa na namba, mtaa haukuwa na kibao, na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto wa kile kinachonuka uani kwenu. Nikayapenda majina ya mfumo kama mtu aliyeonyeshwa mji wenye barabara zilizonyooka na namba kila mlangoni. Ya kawaida nikayaona ya mtaani, ya watu waliochoka kufikiri. Niliwasahihisha watu. Baba alipoomba spiriti ya kusafishia patasi, nilimwuliza anataka ethanoli au methanoli, naye akaenda kuichukua mwenyewe.

Siku moja nilimfuata Madam ofisini nikamwomba anipe majina sahihi ya vitu vya mama. Alifurahi, nadhani, kuona mwanafunzi anauliza kitu kisichomo kwenye mtihani. Aliniandikia kwenye kikaratasi: gliserini ni propani-1,2,3-trioli, kaboni tatu na kila moja imebeba mzigo wake, fomalini ni methanali iliyoyeyushwa kwenye maji. La salfoniki alicheka, akasema likiandikwa lote litalizunguka dumu mara mbili, niliache na kitambaa chake. Nilipokuwa mlangoni aliniambia nikiandika lebo niandike yote mawili, la mfumo juu na la kawaida chini yake. Niliitikia. Lakini moyoni niliona kuandika la pili ni kuchafua karatasi.

Ijumaa ile, mama akiwa sokoni, nilikata vitambaa kwa kisu, cha kijani na cheusi, nikavitupa kwenye taka. Nikabandika lebo za karatasi nyeupe kwa selotepu, herufi kubwa, kwa maka peni niliyoazima shuleni. METHANALI. PROPANI-1,2,3-TRIOLI. Nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama, na sioni aibu kusema nilijiona mtu. Rafu yetu ya mbao za maboksi ilikuwa imegeuka maabara.

Mama aliporudi alizishika moja moja. Aliigeuza chupa, akapitisha dole gumba juu ya herufi kana kwamba anapima kama zimekauka, akasema mwandiko wangu mzuri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kukaba ni ipi. Nikamwonyesha. Akaiweka mwisho kabisa wa rafu upande wa kushoto, na ile nyingine mwisho upande wa kulia, akazitazama tena. Basi, akasema, tutazoea. Mimi nilikuwa nasubiri sifa zaidi, kwa hiyo sikuona kitu kingine chochote usoni mwake.

Asubuhi yake habari ikaja kwamba kuna msiba Segerea, kwa mmoja wa wanawake wa kikundi, na wote wakajifunga khanga wakaenda. Lakini kulikuwa na sabuni iliyoagizwa kwa shughuli ya watu, iliyokuwa lazima imalizike siku hiyo, kwa hiyo Bi Somoe akabaki kuikoroga. Alikuwa na mafua, na mama hakutaka aende kukaa na watu msibani huku anapiga chafya. Mama akiwa mlangoni aliniita. Aliniambia nikae na Bi Somoe mpaka mwisho, nisimwache, kwa sababu majina yale ni yangu na mimi ndiye niyajuaye. Nikasema sawa mama. Nilikaa naye mpaka manukato yakaingia, nikampa kila chupa mkononi wakati wake. Kisha nikaona kazi imekwisha, nikaingia ndani na daftari langu. Bi Somoe, kama ilivyo tabia ya mafundi wazuri, akaamua kufuta rafu kabla ya kuondoka. Akashusha chupa zote chini, zikachanganyika.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani, nikichora minyororo ya kaboni sita, niliposikia sauti yake dirishani.

"Povu, ya kupaka ni ipi?"

Lau angeniita Sharifa. Nimewaza hilo mara nyingi, na kila mara nakumbuka kwamba kosa halikuwa la jina aliloniita. Nilikuwa na hatua sita za kutembea. Nikainua sauti bila kuinua kichwa.

"Imeandikwa, mama mdogo. Soma."

Bi Somoe alikuwa amemaliza darasa la saba na alijua kusoma vizuri sana. Alisoma. Baadaye alitueleza alivyofikiri, na sijawahi kumwona mtu aliyefikiri kwa busara zaidi akafika pabaya zaidi. Lile lenye namba, alisema, aliliona kama dawa ya kuulia kunguni, maana vitu vya hatari ndivyo vinavyoandikwa namba. Lile fupi akaliona la kistaarabu, kama jina la mtoto wa kike. Pua ilikuwa imeziba kwa mafua, na ua mzima ulikuwa unanuka limau. Akajimiminia kiganjani, na kama kawaida yake akaanza na uso.

Hakupiga kelele. Nilisikia Ya Rabi, kwa sauti ndogo, halafu kopo likaanguka. Nilipotoka alikuwa ameinama, mikono ameishika mbali na uso, kama mtu anayeogopa kujigusa mwenyewe. Harufu ile ambayo nilikuwa siisikii kwa miaka nikaisikia yote kwa mpigo mmoja. Jirani aliyechungulia akakimbilia maziwa, akasema maziwa huondoa sumu. Nikakataa. Madam Shirima alitufundisha siku ya kwanza ya maabara kwamba jicho likiingiwa na kitu ni maji, maji, na maji tena, na hapo hapo pembeni ya pipa ilikuwako ndoo ya maji safi ambayo mama aliiteka kila asubuhi ya kazi kabla hajagusa kitu chochote. Miaka yote nilidhani ni ya kunawia. Nilimlaza Bi Somoe kichwa upande, nikamfungua kope kwa vidole, nikammiminia kopo baada ya kopo, jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena, mpaka ndoo ikaisha na jirani akaleta nyingine. Jicho la kushoto lilianza kufunguka lenyewe. La kulia halikufunguka.

Kwenye zahanati nesi alinituliza, akaniuliza kilichoingia ni nini. Nikasema methanali. Akauliza ndiyo nini. Nikamwambia kaboni moja, na oksijeni, na haidrojeni mbili. Yule mama wa watu alikuwa ameshika kope za Bi Somoe kwa mkono mmoja na mpira wa maji kwa mkono mwingine, akanitazama bila hasira. "Mwanangu," akasema, "nyumbani mnaiitaje?" Hapo ndipo lilipotoka, fomalini, na kila mtu aliyekuwa kwenye chumba kile akalijua papo hapo, hata mzee aliyekuja na kikohozi, maana fomalini ndiyo ya mochwari. Nesi akaongeza kasi. Lakini alitaka kujua jambo moja zaidi, ilikuwa kali kiasi gani, na hilo halikuwemo kwenye majina yangu yote mawili. Nikampigia mama simu. Hakuuliza nani kafanya nini. Aliuliza kama tumemwagia maji, na kwa muda gani, kisha akasema nimwambie nesi hivi: kifuniko kimoja cha fomalini, maji chupa nzima. Nikarudia maneno yale kama alivyoyasema. Nesi akaandika, akashusha pumzi, akasema huyo mama yako anajua kazi yake. Tukapelekwa hospitali kubwa. Daktari wa macho alisema la kushoto halina neno. La kulia limeungua juujuu, litafungwa, na baada ya wiki moja ndipo atakapojua kama litaona. Bi Somoe aliuliza swali moja tu, kama ataweza kutunga uzi kwenye sindano. Daktari akasema tusubiri.

Jumapili asubuhi nilimkuta mama kwenye jalala letu dogo nyuma ya choo. Alikuwa amevipata vitambaa vyote viwili, amevifua, na sasa vilikuwa vinakauka juu ya bati. Nilikuwa nimejiandaa kwa kipigo, na nadhani nilikitaka. Alikaa kwenye kibao, akanipa chupa, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee polepole, nimwonyeshe kwa kidole neno linapoanzia na linapoishia. Kidole changu kikasimama njiani. Mambo mengi yakajipanga kwa mara moja: semina bila daftari, fomu za shule alizompa baba ajaze, na lile dole gumba likipita juu ya wino wangu.

"Mie hizi herufi sikufundishwa," akasema. "Nilifundishwa za chuoni, za Msahafu. Halafu nikaolewa."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ya Ijumaa. Alikuwa anafunga kitambaa cheusi shingoni mwa chupa, juu ya lebo yangu, bila kuibandua.

"Ulikuwa umefurahi. Ningekwambia nini?"

Nililia mpaka nikapata kwikwi, na yeye akaniacha nilie. Wahenga wanasema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi sikuuacha tu, niliutupa kwenye taka, na mwenye mbacha akanisifu mwandiko. Nimeishi na adhabu nyingi maishani, za walimu na za waajiri, lakini hakuna iliyonikaa mwilini kama sifa ile ya mwandiko.

Wiki ile nilikwenda kwa Bi Somoe kila siku nikitoka shule. Nilipika, nikafua, nikawaomba radhi wateja waliokuja kuulizia sare, na kila mmoja nilimwambia kwamba kosa ni langu, ingawa Bi Somoe alinikataza. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge kibarazani, na sikuweza kupita karibu nayo bila kuinamisha kichwa. Yeye alilala chali, pamba kubwa juu ya jicho, akipiga soga. Hakunigombeza hata siku moja. Alichotaka ni nimfundishe lile jina lenye namba, na tulilirudia mpaka akaliweza, propani moja mbili tatu trioli, akiliimba kama mtoto anayeruka kamba, akicheka mpaka pamba ikacheza. Madam Shirima naye nilimweleza. Aliniuliza kama niliandika yote mawili, nikatikisa kichwa. Kisha akasema kwamba jina la mfumo ni la watu wanaotaka kujua kitu kimejengwaje, na la kawaida ni la watu wanaoishi nacho, na mtu ukiingia nyumbani kwa watu unaanza na salamu zao. Alinirudisha darasani, na kwenye jaribio lililofuata alinikata alama moja kwa kuandika jina la kawaida peke yake.

Siku ya kufungua jicho tulirudi kutoka hospitali watatu, mama, Bi Somoe na mimi. Daktari alisema anaona matumaini, lakini jicho lenyewe ndilo litakalosema. Bi Somoe hakuingia ndani. Alikaa kibarazani, akaondoa kitenge kwenye cherehani, akachomoa sindano na uzi mweusi, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Akamwomba mama amshikie sindano. Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni. Akaulamba, akausokota. Mara ya pili ulipita pembeni. Mama alikuwa ameishika sindano ile bila kutikisika, lakini niliona midomo yake inasema kitu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo, nikiahidi mambo ambayo mtoto humwahidi Mungu. Mara ya tatu uzi ukaingia. Bi Somoe akauvuta mrefu, akaukata kwa meno, akanyanyua kipande cha sare ya kijani kutoka chini na kuanza kukichana vipande vyembamba vyembamba. Chupa zenu zimevaa vitambaa vya jalalani, akasema, na mimi nimekaa wiki nzima bila kupakwa.

Siku hizi nakaa Kawe na nafanya kazi kwenye ghala la kemikali, na kazi yangu, Mungu ana mzaha wake, ni kuhakiki lebo. Kila pipa linaloingia lina jina la mfumo, jina la biashara, na chini yake michoro ndani ya alama ya almasi yenye mpaka mwekundu: moto, fuvu, mkono unaoliwa na tone. Niliambiwa kwenye mafunzo kwamba michoro hiyo imewekwa ili hata asiyejua lugha ya kwenye pipa ajilinde. Nilicheka peke yangu, mkufunzi akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwamba vitambaa vya mama yangu vimezunguka dunia vikarudi. Vijana wanaotengeneza sabuni sasa wananunua kila kitu kwenye pakiti zilizopimwa tayari, maelekezo wanayasoma kwenye simu, na wengi wao wana haraka kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Mtaa wetu una vibao na nyumba zina namba. Hata hivyo mgeni akipotea bado anaambiwa aulizie kwa Mama Sabuni.

Mama alijifunza kusoma. Nilimfundisha mwenyewe kwa chupa zake, jioni kwa jioni, mwaka ule nikisubiri matokeo, na naamini ndiye mwanamke pekee Kiwalani aliyeanza kusoma kwa neno methanali. Kila chupa kwenye rafu yake leo ina mistari mitatu: kitambaa, chini yake jina la dukani, chini yake la darasani. La darasani anasema ni la kuwatishia wageni. Bi Somoe ameacha kushona kazi kubwa. Jicho la kulia linaona, ila upepo ukivuma linatoa chozi, na kila nikiliona linatoa chozi nasikia sauti yangu ya wakati ule ikitoka dirishani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Sabuni ilikuwa imetulia kwenye pipa, nami nilikuwa ndani, nimejinyoosha kwenye kitanda kilekile, nasoma ujumbe wa kazini kwenye simu. Vitambaa vilikuwepo, vimefungwa, vinaonekana hata kwa mtu mwenye jicho moja, na Bi Somoe anavijua kuliko mimi kwa kuwa ndiye aliyevichana. Lakini kila nikija lazima aulize.

"Povu, ya kupaka ni ipi?"

Niliweka simu chini, nikatembea zile hatua sita, nikaichukua chupa ya kijani, na nikammiminia kiganjani mwenyewe.